Pole ya Serikali

Kwanza niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya: katika nchi yetu hakuna mtu aliyepotea. Wapo waliokwenda masomoni, na hao ni wengi, na ni fahari yetu. Silijui taifa jingine lililopeleka masomoni makuli, wauza mkaa, mafundi saa na hata watu wasiojua kusoma, tena kwa gari la serikali, tena bila kuwapa nafasi ya kuvaa viatu. Serikali ilikuwa na haraka ya kuwaelimisha. Kaka yangu Mahfudhi naye yuko masomoni. Kozi yake ni ndefu.

Jina la nchi sitalitaja, kwa sababu linabadilishwa na kamati bado haijakubaliana. Jina langu nalo si muhimu. Muhimu ni cheo: mimi ni Mfafanuzi Mkuu wa Sanaa katika Wizara ya Kumbukumbu. Kazi yangu ni kusimama kando ya picha na kumweleza mtazamaji alichokiona, kabla hajakiona. Wapo wanaoidharau kazi hii. Waache waidharau. Kuna wakati mfafanuzi mwenzangu alishikwa na mafua, mtazamaji mmoja akaachwa peke yake na picha ya mbuzi wakati sisi tunakunywa chai, tukamkuta analia. Mpaka leo hatujui mbuzi yule alimwambia nini.

Sasa, mtu aliye masomoni hajafa. Kwa kuwa hajafa, haombolezwi. Na anayempa pole mzazi wa mwanafunzi anaitukana elimu, na kuitukana elimu ni jinai. Sheria ni nyepesi, hata mtoto anaielewa. Ugumu uko kwenye mila. Kwetu, msiba ukiingia, jamvi hutandikwa, na mfiwa hakai kwenye kiti wala halali kitandani mpaka watu waje, wavue viatu, waketi naye, wamwambie pole, naye aitikie kwamba ameshapoa. Ndipo aliye mkubwa kuliko wote waliohudhuria anaposhika pembe ya jamvi na kulikunja, na hapo matanga yameanuliwa. Bila pole hakuna kuitikia, na bila kuitikia hakuna kukunja, na mfiwa atalala chini mpaka Kiama.

Akina mama wengi wa nchi yetu hulala chini. Wizara ya Afya imelieleza vizuri jambo hili: ni joto. Mama yangu mzazi naye hulala chini, kwa sababu ya joto. Hata miezi ya baridi hulala chini kwa sababu ya joto, mimi humfunika shuka, na hatulizungumzi.

*

Wizara yetu iliandaa Maonyesho Makuu ya Kumbukumbu na Utambulisho baada ya nchi jirani kuandaa ya kwao. Mheshimiwa Rais hapendi jirani akumbuke kuliko sisi. Kaulimbiu ilikuwa “Tukumbuke Mbele”. Washauri walihangaika nayo sana kuitunga, na hakuna aliyethubutu kuwauliza maana yake.

Mahali palipochaguliwa ni Nyumba ya Sanaa ya Taifa. Zamani lilikuwa ghala la chumvi. Hivyo ndivyo kibao cha mlangoni kinavyosema. Wazee wa mtaa ule hawakumbuki kununua hata kijiko cha chumvi pale, ila wanakumbuka kwamba chumvi hiyo ilikuwa ikilia. Siku nyingine ililia mpaka walinzi wakafungulia redio kwa sauti ya juu kabisa ili watu wasikie muziki. Chumvi ya zamani ilikuwa kali.

Tatizo la jengo ni unyevu. Kule ndani, kwenye chumba cha mwisho kisicho na dirisha, ukuta hutoa madoa. Kila Ijumaa mafundi hupaka rangi nyeupe, na kila Jumatatu madoa yamerudi palepale. Yako chini, kimo cha mtu aliyeketi sakafuni akaegemea ukuta: mviringo wa kichwa, kisha upana wa mabega, kisha mwingine, na mwingine, wamebanana kuuzunguka ukuta mzima. Mhandisi wa wizara alieleza kwamba unyevu hupanda mpaka kimo hicho, kisha huchoka. Mimi si mhandisi. Niliona doa moja limeinamisha kichwa kwenye bega la mwenzake, kama abiria aliyepitiwa na usingizi, nikajisemea moyoni kwamba kweli unyevu umechoka. Nikatoka chumbani kinyumenyume. Sikupenda kukipa mgongo.

*

Kila msanii alitakiwa kuipeleka kumbukumbu yake mbele ya Kamati ya Kuthibitisha Kumbukumbu, chini ya Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Chiponde, mtu mwembamba mwenye sauti nene kuliko kifua chake. Mchoraji mmoja alileta picha ya darasa lake la utotoni. Kamati ikagundua kwamba watoto kadhaa wa darasa lile wako masomoni, wakafunikwa kwa vyungu vya maua. Mwalimu pia. Sasa ni picha ya vyungu vya maua vilivyokaa kwenye madawati vinasikiliza chungu kikubwa, na ni nzuri sana. Mchongaji alileta sanamu ya mtu aliyefungua kinywa. Akaulizwa mtu huyo anasema nini, akajibu kwamba hata yeye hajui. Kinywa kikajazwa saruji, na jina la sanamu likabadilishwa kutoka “Swali” likawa “Mlo Kamili”.

Ndipo akaingia Siwema binti Faki, jirani yangu wa mtaa wa Kisimani, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alikuwa amebeba jamvi begani.

“Mchoro uko wapi?” akauliza Bwana Chiponde.

“Ndio huu.”

“Hili ni jamvi.”

“Ndiyo. Ni jamvi.”

“Linakumbuka nini?”

“Jamvi halikumbuki, Bwana Katibu. Linakaliwa.”

Kamati ikaligeuza jamvi juu chini. Ikalinusa. Mjumbe mmoja alilimulika kwa tochi. Halikuwa na sura ya mtu, wala neno, wala rangi nyekundu. Wajumbe wanaogopa sura na maneno. Jamvi tupu halikumtisha yeyote. Likapitishwa kwa kauli moja, na msanii akapongezwa kwa usafi wa fikra.

“Nina ombi moja,” akasema Siwema. “Mama yangu aketi juu yake. Ndiye aliyelisuka.”

“Ana kitambulisho?”

“Anacho.”

“Basi anaingia kwenye mada ya utambulisho,” akasema Bwana Chiponde, na kamati nzima ikacheka, kwa sababu mkubwa alikuwa amefanya mzaha.

Mimi sikucheka sana. Mama yake Siwema, Bi Mwanakombo, namjua tangu utoto wangu. Mwanawe Hamdu alikuwa fundi saa, rafiki wa kaka yangu. Walichukuliwa masomoni siku moja, kwenye gari moja. Kesho yake Bi Mwanakombo alilitandika jamvi lile barazani kwake, akaketi, akangoja watu. Hakuna aliyekuja. Sisi majirani tulipokuwa tukipita pale tuliangalia upande wa pili wa barabara, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

*

Siku ya kuamkia ufunguzi nilimkuta Siwema katika chumba cha mwisho. Alikuwa amelitandika jamvi chini ya ukuta wa madoa, na kwenye ukingo wake ameweka ndara za kiume, kuukuu, soli imelika upande mmoja.

“Nahitaji maelezo ya kazi yako,” nikamwambia. “Nimeandika kwamba jamvi linaonyesha bidii ya akina mama katika ususi na mchango wao kwenye pato la taifa. Inafaa?”

“Andika unavyotaka, kaka. Mama hajui kusoma.”

“Ni kwa ajili ya wageni.”

“Wageni wakifika watajua la kufanya. Hata wewe unajua.”

Nikamuuliza kwa nini asilitandike chumba cha mbele, penye feni. Akanyoosha kidole kwenye lile doa lililoinamisha kichwa.

“Hamdu alikuwa akisinzia hivyo. Kwenye kiti, garini, popote.”

“Dada Siwema, ule ni unyevu.”

“Ndiyo,” akasema, bila kubisha hata kidogo. “Ni unyevu. Mama anataka kukaa karibu nao.”

Kisha akaniangalia, na mara moja tu tangu nimjue akazungumza mfululizo. “Magoti ya mama yamekwisha. Daktari kamkataza kulala chini, sakafu itamuua. Nimemnunulia kitanda, hakigusi. Nimemsihi, nimemgombeza, nimemdanganya. Anataka mtu mmoja tu aje amwambie pole kwa ajili ya Hamdu, aitikie, jamvi likunjwe, basi. Hataki fidia, hataki kesi. Mtu mmoja tu. Mtaa mzima, kaka, hapatikani.”

Nilimwambia kwamba nina kikao. Sikuwa na kikao.

*

Ufunguzi ulifana. Bendi ya polisi ilipiga, wasanii walipangwa kwa urefu, na redio ya taifa ikarusha kila kitu moja kwa moja mpaka vijijini. Waziri wetu wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Makwega, ni mtu wa mwili na wa sauti. Akapanda jukwaani, akajipangusa jasho kwa kitambaa chenye picha ya Rais, akaanza.

“Ndugu wananchi! Aliyekumbuka jana amechelewa! Sisi tunakumbuka kesho! Nao utambulisho wetu ni nini? Ni mila! Mila si nguo, useme utaivua! Mila imo kwenye mifupa! Hata uwe waziri, hata uwe rais, hata uwe umelala fofofo, mila itakuinua ikufanyishe kazi yake! Na yeyote atakayeidharau mila mbele yangu, mimi Makwega, nitahakikisha anakwenda kusoma!”

Tukapiga makofi mpaka tulipoambiwa basi.

Msafara ukaanza kupita vyumbani. Waziri aliipenda sana picha ya vyungu vya maua, akaagiza moja kwa ajili ya ofisi yake. Mbele ya “Mlo Kamili” akasema kwamba lishe ni msingi wa taifa. Nilikuwa ubavuni pake nikifafanua bila kupumua, Bwana Chiponde nyuma yetu, na kijana wa redio akitufuata na kipaza sauti chake.

Tukaingia chumba cha mwisho, na umeme ukakatika.

Hili si jambo la ajabu nchini kwetu, wala silitilii maanani. Fundi mmoja aliwasha taa ya kandili akaiweka chini. Kwenye mwanga ule tukaona jamvi, na juu ya jamvi mwanamke mzee amejifunika kanga kichwani, amenyoosha miguu, mikono imelala pajani. Ndara ziko ukingoni. Nyuma yake, ukutani, wengine wameketi naye. Nasema wengine, lakini ulikuwa unyevu. Nami nilikuwa tayari nimefungua kinywa niseme habari za ususi na pato la taifa.

Sikuwahi.

Mheshimiwa Makwega alikuwa ameshainama. Sidhani alifikiri. Mkono mmoja ulishika ukuta, mwingine ukavua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, vile viatu vyake vinavyong'aa, akavipanga kando ya ndara. Sauti yake ikashuka mpaka ikawa ya mtu wa kawaida. Akaketi kwenye jamvi akakunja miguu, akafumba macho kidogo, akasema:

“Poleni, mama. Poleni sana na msiba. Mungu amrehemu marehemu, nanyi awape subira.”

Itifaki ya serikali hairuhusu mtu kusimama waziri anapoketi, wala kuvaa viatu waziri anapovua. Kwa hiyo Bwana Chiponde akavua, mkuu wa polisi akavua, mabalozi wakavua, bendi ikavua, na wote wakaketi wakisema pole, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake. Kijana wa redio alisema pole kwenye kipaza sauti. Pole ile ikaenda nchi nzima.

Nilimwona Bi Mwanakombo akiyatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo alizoziweka zamani sana mahali pazuri.

“Tumeshapoa, baba,” akasema hatimaye. “Tumeshapoa. Ahsanteni kwa kuja.”

Siwema alikuwa amesimama mlangoni. Aliziba uso kwa viganja vyote viwili.

“Mkubwa wa watu hapa ni wewe,” Bi Mwanakombo akamwambia Waziri. “Nianulie matanga, baba. Magoti yananiuma.”

Mheshimiwa akashika pembe ya jamvi. Alikuwa bado mbali, bado yuko kwenye msiba fulani wa utotoni mwake. “Marehemu ni nani wako, mama?”

“Ni Hamdu, mwanangu.”

Bwana Chiponde akatambaa kwa magoti mpaka sikioni mwa Waziri. “Mheshimiwa,” akanong'ona, lakini sauti nene hainong'oni, “huyo yuko masomoni.”

Nikamwona Waziri anarudi mwilini mwake. Akaangalia miguu yake mitupu. Akaangalia kipaza sauti. Kisha akanyanyua uso, na ukuta ulikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuugusa.

“Nani wamekaa pale?” akauliza.

“Ni unyevu, Mheshimiwa,” nikasema. Hiyo ndiyo kazi yangu.

“Mbona yule ananiangalia?”

Ninakiri niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mheshimiwa Makwega alikuwa akihema kwa kinywa, na mkono wake, ambao haukuwa umeachia pembe ya jamvi hata mara moja, ukaanza kulikunja. Ulilikunja haraka, kwa ustadi, kama mikono ya watu wa kwetu inavyolikunja, na sisi sote tukasogea kulipisha. Lilipokwisha, Bi Mwanakombo alishikwa huku na huku akainuka.

“Nipeleke nyumbani, Siwema,” akasema. “Nikalale.”

*

Kesho yake lilifanyika baraza la dharura. Mheshimiwa Makwega hakuwepo. Tuliambiwa kwamba ameondoka alfajiri kwenda masomoni. Viatu vyake vilikuwa bado pale Nyumba ya Sanaa, kando ya zile ndara, na hakuna aliyetaka kuvigusa.

Mwanasheria Mkuu alieleza hatari iliyopo. Serikali imetoa pole. Aliyepewa ameitikia. Matanga yameanuliwa na kiongozi wa serikali, redioni. Basi kuna msiba. Na palipo na msiba kuna marehemu. Na palipo na marehemu watu wataanza kuuliza kaburi liko wapi. Huko nje akina mama walikuwa wameshaanza kutoa majamvi barazani, mtaa baada ya mtaa. Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza joto kali, lakini ilikuwa inanyesha mvua.

“Pole ile ilitoka kimakosa,” akasema Mwanasheria Mkuu. “Ni mali ya serikali. Irudishwe.”

Macho yote yakanigeukia. Kosa, ilionekana, lilikuwa langu, kwa sababu nilichelewa kufafanua. Bwana Chiponde akanikabidhi kinasa sauti na maagizo: niende kwa Bi Mwanakombo, nimfanye aseme kwa kinywa chake kwamba hajapoa, na jamvi litandikwe tena mbele yangu, naye aketi.

“Ukirudi mikono mitupu,” akaongeza kwa upole, “kuna nafasi ya masomo.”

Nilipokuwa nikitoka, nilikutana na mafundi rangi wamekaa kwenye ngazi na ndoo zao, hawataki kurudi chumba cha mwisho. Walisema kuna doa jipya. Liko mwisho wa mstari, pana sana mabegani, bado bichi. Nikawaambia ni unyevu.

*

Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa kimya. Siwema alinifungulia, akaona kinasa sauti, akakaa kando. Nikavua viatu nikaingia. Jamvi lilikuwa limesimamishwa pembeni, limefungwa kamba. Bi Mwanakombo alikuwa kitandani, amejifunika mpaka kidevuni, anakoroma.

“Kalala tangu jana,” Siwema akasema. “Kaamka mara moja tu, kaomba uji, kalala tena. Mwamshe wewe. Mimi siwezi.”

Nilisimama pale na kinasa sauti changu. Sura ya Bi Mwanakombo ilikuwa imelegea, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa mwanamke mzuri. Sijui ningesimama mpaka lini kama asingefumbua macho mwenyewe.

“Nani huyo?”

“Shikamoo, Bi. Ni mimi, mwana wa Bi Rehani.”

“Marahaba, mwanangu. Keti hapa kitandani. Huko chini hakuna tena pa kuketi.”

Nikaketi. Nikabonyeza kitufe. “Bi, nimetumwa na serikali. Serikali inaomba irudishiwe pole yake.”

Hakucheka. Alifikiri kama mtu aliyeombwa sufuria na jirani.

“Yote?”

“Yote, Bi.”

“Mbona nimeshaitumia, mwanangu.” Aliinua viganja vyake akanionyesha kwamba ni vitupu. “Nilipofika tu hapa nimelia nayo mpaka magharibi. Iliyobaki nimeilalia. Wangekuja jana ile ile, labda. Sasa hata kidogo sina.”

“Watakasirika, Bi.”

“Najua watakasirika. Ndiyo desturi yao. Waambie imekwisha.” Akanitazama sana, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini. “Na kama wanayo nyingine huko, wampelekee mama yako.”

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Mimi, ambaye nimefafanua sanamu za marais watatu na mbuzi mmoja, nikainuka kutafuta viatu vyangu.

*

Sikurudi wizarani. Nilikwenda nyumbani mchana kweupe, na mama yangu alishangaa kuniona. Alikuwa ameketi kwenye jamvi lake, ungo pajani, anachambua mchele.

“Wamekufukuza?”

“Bado.”

“Una nini basi?”

Nilivua viatu. Nilipokanyaga jamvi lile nilihisi limelainika, kwa jinsi lilivyolaliwa. Nikaketi mbele yake. Dirisha lilikuwa wazi, na nje watu walikuwa wakipita, na nilitamani sana kulifunga, lakini sikulifunga.

“Pole, mama,” nikasema. “Pole kwa kufiwa na Mahfudhi.”

Vidole vyake viliendelea kuchambua punje moja, mbili, kisha vikasimama.

“Hebu sema tena.”

“Pole na msiba, mama. Kaka amekufa.”

Mchele ulimwagika wote. Alinikamata shingoni, akalia kwa sauti ambayo sikuijua, na mimi nikalia, na tulikuwa tunalia hivyo niliposikia mtu anavua viatu mlangoni. Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya mbele, mzee ambaye miaka yote huangalia upande wa pili wa barabara. Alisema amesikia dirishani. Akaketi, akasema pole. Akaja mke wake. Akaja muuza maziwa, akaacha baiskeli yake imelala barabarani. Akaja Siwema amemshika mama yake mkono. Watu walijaa mpaka barazani, na mama akawaitikia wote, kila mmoja, kwamba ameshapoa, ingawa uso wake wote ulikuwa umelowa. Kisha fundi cherehani, mkubwa wetu, akashika pembe ya jamvi.

Mama amelala sasa. Yuko kitandani mwangu, kwa kuwa chake tulikiuza zamani, hakuwa akikitumia. Watu hawajaondoka. Wanazungumza chini chini habari za Mahfudhi, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi vibaya, na wanacheka. Wote wako peku, viatu vyao vimejaa kizingitini.

Mimi nimekaa mlangoni peke yangu, nasikiliza magari. Kinasa sauti nimekizima nikakiweka mezani, kitachukuliwa. Kaka yangu waliondoka naye hana viatu, na jambo hilo limenisumbua kuliko mengine yote. Vyangu nimeshavivaa, na kamba nimezifunga vizuri.